Kabla hujanunua ndoo za rangi

Jumanne moja mteja wetu alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili ameshika karatasi iliyokunjwa kama koni. Alikuwa amenunua karanga za mia tano pale chini kituoni, na alipozimaliza akaikunjua ile karatasi ajifutie vidole. Ilikuwa ankara yake mwenyewe. Jina la kampuni, namba ya TIN, thamani ya mzigo, vyote vinasomeka, na doa la mafuta katikati. Hakufoka. Aliiweka mezani kwangu akasema, "Dada, hii imenifikia kabla ya ile uliyoniahidi kwa imeili."

Mimi ni afisa utawala kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tuko watu 23, na kazi yetu ya kutoa mizigo bandarini inakula karatasi kama mbuzi. Mambo ya taka niliyaanza siku hiyo, kwa aibu tu. Hayo ya mazingira yalikuja baadaye. Ninaandika tulichofanya na tulipoteleza, kwa mtu mwenye ofisi kama yetu, isiyo na bajeti ya jambo hili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ndoo tatu za kutenganisha taka: ya kijani, ya bluu na nyekundu. Nilizinunua, nikazibandika maandishi mazuri, nikatuma tangazo kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, watu wakaniwekea vidole gumba. Baada ya wiki moja zote tatu zilikuwa na vitu vilevile: ganda la ndizi, risiti, chupa ya maji, foili yenye punje za wali. Nilikuwa nimenunua dawa kabla sijajua ugonjwa.

Muulize anayezibeba

Katika ofisi yako yupo mtu anayejua taka zenu kuliko yeyote, na huenda hajawahi kuulizwa. Mama wetu wa usafi ameanza kazi pale kabla ya bosi wa sasa. Nilimkaribisha chai jikoni, nikamuuliza: mama, huwa tunatupa nini?

Hata kikombe hakijapoa nilikuwa na habari za kunitosha mwezi mzima. Ndoo ya chumba cha mikutano hujaa chupa zilizonywewa nusu. Idara ya nyaraka hutupa karatasi nyeupe kabisa, zenye mstari mmoja tu chini. Ijumaa mfuko haubebeki kwa sababu ndiyo siku ya pilau, na watu wanabakiza. Karatasi humpa kijana mmoja anayezipeleka kwa wauza karanga, na hapo nikawa nimeijua safari ya ile ankara. Chupa tupu anaziuza kwa kilo. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini.

Nililisikia lakini sikulizingatia. Nikaweka sanduku la chupa, nikatafuta mnunuzi, nikapanga hela iingie kwenye kapu la chai la ofisi. Wiki mbili mfululizo sanduku lile lilikuwa na kila kitu isipokuwa mpangilio. Maganda ya maembe, mswaki, betri. Hakuna aliyelalamika. Mlinzi ndiye aliyeniita pembeni: "Dada, umemkata mwenzio nauli."

Nikaenda kumwomba radhi mama wa watu. Tukakubaliana kwamba chupa ni zake, na sisi tutakachofanya ni kumwaga maji, kuibonyeza chupa na kurudisha kifuniko. Kesho yake sanduku likawa safi, na limebaki safi mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujauza hata kopo, ulizia ni nani tayari anaishi kwalo.

Pima, hata kama watakucheka

Tenga siku tano za kawaida za kazi, zisizo na sikukuu. Usimtangazie mtu, maana wakijua watatupia taka kwa jirani. Kila jioni mifuko yote iwekwe sehemu moja, na ile ya chooni ikae kando, hiyo usiiguse. Utahitaji turubai, glavu nene, barakoa na mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza wanayotumia wauza samaki. Sisi tuliiazima. Mabaki ya chakula pima jioni ileile, kwa joto letu hili hayangoji Ijumaa.

Mwaga, gawa mafungu, pima, andika. Kwetu siku tano zilitoa kilo 27. Mabaki ya chakula yalikuwa kilo 9.6, karatasi 8.4, foili na vifungashio 3.1, chupa za plastiki 1.7, na kilo 4.2 za mchanganyiko wa tishu, maboksi na vumbi. Chupa zinadanganya kwenye mizani kwa sababu ni nyepesi, kwa hiyo zihesabu. Zilikuwa 118. Na maji tuliyoyamwaga kutoka humo, maji safi ya kulipiwa, yalijaza ndoo ya lita 10 yakabaki mengine.

Hesabu ya karatasi ndiyo iliyomwamsha bosi. Rimu moja ya A4 ya kawaida, karatasi 500 za gramu 80, ina uzito wa kilo mbili na nusu. Tulikuwa tunanunua rimu 26 kwa mwezi, yaani kilo 65. Kilo 8.4 kwa wiki ni kama 36 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya karatasi tulizonunua zilikuwa zinapita kwenye printa kuelekea kwenye ndoo. Sikumweleza habari za miti. Nilimwekea risiti za duka la vifaa na ile ankara ya karanga mezani, nikanyamaza.

Karatasi

Hapa nitakaa kidogo, ndipo tulipookoa zaidi.

Kwanza zile karatasi nyeupe zenye mstari mmoja. Chanzo chake ni kuchapisha ukurasa wa mtandao au jedwali bila kutazama jinsi litakavyokaa. Mwonyeshe kila mtu, mmoja mmoja, mezani kwake, kitufe cha kutazama kabla ya kuchapisha na namna ya kubana jedwali liingie kwenye ukurasa mmoja. Ukiwafundisha kwenye kikao hawatakumbuka. Ukikaa na mtu dakika tano kwenye kompyuta yake, kwa faili lake, hasahau.

Pili, pande mbili. Usimwombe mtu achague pande mbili kila mara, atasahau. Ingia kwenye mipangilio ya printa kwenye kila kompyuta, pande mbili ziwe ndiyo kawaida, na anayetaka upande mmoja ndiye ahangaike kubofya. Nyaraka za kugongwa muhuri tumeziacha upande mmoja, wino wa muhuri unavuja nyuma.

Tatu, fuata nakala. Kila hati ya mzigo tulikuwa tunaichapa mara tatu. Nikauliza ya tatu inakwenda wapi. Huyu akasema kwa yule, yule akasema kwa mzee wa uhasibu, mzee akavua miwani akafikiri, akasema, "Hiyo ilikuwa ya jalada la kijana aliyekuwa bandarini." Kijana mwenyewe aliacha kazi miaka minne nyuma. Miaka minne tumekuwa tukimchapia mtu ambaye hayupo! Katika kila ofisi kuna nakala ya namna hiyo, itafute.

Karatasi iliyotumika upande mmoja usiirudishe kwenye printa ya leza. Tumejaribu. Imejikunja, ina tundu la pini, printa inaimeza na kukwama, na fundi akija anadai zaidi ya hiyo rimu uliyookoa. Kata katikati, toboa, funga kwa uzi, unapata daftari la kuandikia ujumbe wa simu. Vijana wetu wa bandarini hawataki lingine. Na rimu ambayo haijaisha ifungwe kwenye karatasi yake. Hewa ya Dar ina unyevu, karatasi iliyolala wazi inalegea, asubuhi inakwama na kuishia ndooni kabla haijatumika.

Karatasi yenye jina, namba au fedha ya mtu inapita kwenye mashine ya kukata vipande kabla haijatoka mlangoni. Hii ni amri, si ombi. Ila usikate kwa pupa: kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5, kwa hiyo hakuna jalada linaloguswa bila saini ya mhasibu. Vile vipande tunampa muuza vyombo wa Kariakoo, anavifungia sahani na glasi. Yule kijana wa karanga sasa anapata kalenda za zamani na magazeti tu, na hajanuna.

Sasa tunanunua rimu 17 kwa mwezi.

Maji ya kunywa

Tulikuwa tunanunua katoni za nusu lita. Tukahamia dumu la lita 18.9 linalorudishwa dukani, ambalo peke yake ni kama chupa 37. Kila mtu akaleta kikombe chake, na tukaandika majina chini ya vikombe kwa rangi ya kucha, maana kalamu ya wino inafutika kwa sabuni siku ya pili.

Ugumu ulikuwa mgeni. Kwetu mgeni akipewa chupa iliyofungwa anaelewa mambo mawili: maji ni salama, na ameheshimiwa. Ukimletea glasi imeshajazwa jikoni, hata kama ni maji yaleyale, anaitazama kwa jicho la pembeni. Bosi alikataa kabisa. Tulichofanya ni kuhamisha dumu kutoka jikoni hadi chumba cha mikutano, mgeni aone maji yakimiminwa kwenye jagi mbele yake, na glasi zikafunikwa kwa vile vitambaa vya kufuma vyenye shanga. Wageni wengine wanavisifia vitambaa kabla ya kuanza mazungumzo. Katoni moja ya chupa bado ipo kabatini kwa anayeomba. Inakaa miezi.

Dumu lisikae juani, litaota ukijani. Na kile kisahani cha kukinga matone kisuguliwe kila Ijumaa, ndicho kinachonuka.

Chakula cha mchana

Mabaki ya chakula ndiyo yaliyokuwa mazito kuliko yote, na ndiyo yanayonuka, na yakifika dampo la Pugu Kinyamwezi yanafukiwa chini ya taka nyingine, yanaoza bila hewa na kutoa methani. Lakini huwezi kumwambia mtu mzima amalize sahani.

Tulikwenda kwa mama ntilie. Yeye alikuwa anapika kwa kukisia, anapakia kwa kukisia, wote sahani kubwa. Akatuambia: nileteeni idadi kabla ya saa nne asubuhi, na mseme nani anataka nusu. Basi kila siku saa tatu na nusu mtu wa zamu anaandika kwenye kundi, watu wanajibu "kamili" au "nusu". Nusu ina bei yake. Akina dada wengi walikuwa wanataka nusu siku zote, hawakuwa na mahali pa kusema.

Vyombo navyo: tulinunua sahani za plastiki ngumu zenye mfuniko, zinashuka tupu asubuhi na kupanda na chakula mchana. Mama ntilie alifurahi kuliko sisi, foili na vifungashio alikuwa anavinunua mwenyewe. Anayeosha sahani ni aliyeilia. Hapo tuliteleza, mwezi wa kwanza sahani zilirundikana kwenye sinki zikimsubiri mama wa usafi, kana kwamba kazi yake imeongezwa kimyakimya. Nikaliona, nikalisema kwenye kikao, kwa ukali kidogo. Bosi akasimama akaenda kuosha yake. Sikumtuma, na sijui kama ingewezekana kumtuma, lakini tangu siku ile sinki ni tupu.

Yanayobaki yanaingia kwenye ndoo yenye mfuniko ya mlinzi, anafuga kuku nyumbani kwake. Masharti ni yake: hakuna vijiti vya meno, hakuna tishu, hakuna mifupa ya samaki, na ndoo inaondoka jioni ileile.

Mifuko haina mengi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na tukahamia mifuko mbadala, ambayo nayo imegeuka rundo. Nilihesabu 41 nyuma ya mlango wa jikoni. Nikapigilia msumari karibu na mlango wa kutokea, nikaitundika yote. Anayeshuka kununua chochote anachukua mmoja na kuurudisha. Hatujaongeza mwingine.

Umeme usiku, wakati hakuna mtu

Kama mna mita yenu ya LUKU, fanya hivi: Ijumaa mnapofunga, piga picha salio la uniti. Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajawasha kitu, piga tena. Tofauti ndiyo inayoliwa na ofisi tupu. Yetu ilikuwa uniti 17. Nilidhani wameiba.

Tukazunguka tukishika vitu kwa mkono. Chenye joto kinakula. Dispensa, ile mashine ya maji ya kunywa, ilikuwa inachemsha maji ya chai usiku kucha kwa ajili ya mende. Mashine ya fotokopi ilikuwa ya vuguvugu, kompyuta zimelala lakini hazijazimwa, na friji dogo lilikuwa limefunga barafu mpaka mlango haubani. Tukayeyusha barafu, tukafunga swichi moja ya ukutani ya kuzima vyote isipokuwa friji na kiboksi cha intaneti, na mlinzi ndiye anayeizima akifunga. Wikiendi iliyofuata: uniti 6.

Viyoyozi tumeviweka nyuzi 25, na rimoti inakaa kwangu. Kuna vita vya baridi kati ya watu wa dirishani na watu wa ukutani, sitaki kuvisimulia. Chujio lioshwe kila mwezi, vumbi la mji huu linaliziba upesi, na lililoziba linafanya mashine ikeshe bila kupooza.

Ndoo, sasa

Ndoo za rangi nilizirudisha mwishoni, na kwa mpango mwingine. Niliondoa ndoo zote zilizokuwa chini ya meza. Nikaacha vituo viwili tu, kimoja karibu na printa na kimoja jikoni, kwa sababu taka za karatasi huzaliwa kwenye printa na za chakula jikoni. Mtu akilazimika kusimama ili atupe, anatazama anachotupa.

Mzee wa uhasibu alificha boksi la viatu chini ya meza yake kwa miezi miwili akilitumia kama ndoo. Sikumnyang'anya. Kila nikipita nilimwamkia shikamoo, nikaliinua, nikaenda kulimwaga mwenyewe kituoni, nikalirudisha. Siku moja nililikuta lina miwani yake ya akiba.

Bango la "Tunza Mazingira" lililokuwa chooni nimelitoa. Lilikuwa linalowa tu.

Kabati ambalo halijaisha

Lipo kabati la vitu ambavyo havifai kuingia kwenye ndoo yoyote: betri za UPS (vile viboksi vya kushikilia kompyuta umeme ukikatika), kompyuta zilizokufa, taa ndefu za tyubu, katriji. Katriji fundi anazijaza mara mbili tatu kabla wino haujaanza kumwagika. Betri za UPS zina madini ya risasi na tindikali ndani. Wapo wanaozitaka kwa ajili ya skrepa, ila usimpe mtu atakayezivunja barabarani kwa nyundo, uliza kwanza zinapelekwa wapi. Taa za tyubu zina zebaki kidogo, usizivunje ili zienee kwenye mfuko, zirudishe kwenye maboksi yake zikiwa nzima. Kabati letu limejaa, na nikipata pa kuvipeleka kwa uhakika vitaondoka.

Miezi minne baada ya kupima mara ya kwanza, tulitandika turubai tena. Kilo 6.5! Nilishapiga picha mizani niitume kwa bosi. Mama wa usafi alikuwa amesimama nyuma yangu amejifunga kanga kiunoni, akasoma namba, akacheka.

"Mwanangu, nusu ya watu wako likizo ya Idi. Pima wiki ijayo."

Tulipima wiki iliyofuata. Kilo 11.